Gari imepaki, imezimwa, na bado inanuka petroli: jinsi ya kutafuta chanzo na kukiziba

Kama umefungua hii huku pua imejaa harufu, acha kusoma kwanza, nenda kachungulie chini ya gari. Kukiwa na tone linadondoka au sakafu imelowa, ruka mpaka pale nilipoandika usalama, mengine tutaongea baadae. Kama hakuna tone ni harufu tu, una muda, vuta stuli.

Mimi nina Toyota IST, zile za mwanzo, injini 1NZ. Ilianza kunuka ikiwa imepaki nyumbani Tabata, na aliyeisikia kwanza ni mke wangu, mi nikambishia nikasema ni jenereta ya jirani. Wiki mbili nikawa nalaumu jenereta ya watu. Nilipokubali kwamba ni gari yangu nikaanza kuzunguka kwa mafundi. Wa kwanza akaniuzia mfuniko mpya wa tenki. Wa pili akashusha nozeli zote nne (zile zinazopulizia petroli kwenye injini) akazisafisha, zikang'aa kweli, harufu ikabaki palepale. Wa tatu hakugusa spana, aliniuliza tu, "Bosi, inanuka ukiwa umejaza au muda wote?" Nikakosa jibu. Yaani nimeshalipa mafundi wawili na sijui harufu ya gari yangu inakuja saa ngapi.

Ndo maana mwongozo huu hauanzi na spana. Harufu ya petroli ina ratiba yake, na ukiijua ratiba umeshamaliza zaidi ya nusu ya kazi, kilichobaki ni kufungua na kufunga.

Usalama, na hapa usiruke

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara tatu mpaka nne hivi, kwa hiyo haupandi ukapotea kama moshi wa jiko, unashuka, unatambaa chini, unajikusanya kwenye kona, kwenye mtaro, kwenye lile shimo la gereji ambalo fundi anaingia kuangalia gari kwa chini. Na hausubiri joto, petroli inatoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, sasa fikiria saa nane mchana ya Dar mwezi wa pili. Halafu moto wenyewe si lazima uwe karibu na gari. Inaweza kuwa jiko la mkaa la jioni pale uani, inaweza kuwa jiko la gesi ambalo mlango wake unafungukia unapopaki, inaweza kuwa pampu ya maji inayojiwasha yenyewe. Wengi tunakumbuka Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka watu wakaenda kuchota na madumu, zaidi ya watu 100 wakafa. Lile lilikua lori zima, sawa, lakini mvuke ni uleule.

Ila pia usipanike kwa kila harufu. Pua ya binadamu inaikamata petroli ikiwa bado kidogo sana hewani, chini hata ya sehemu moja kwa milioni, wakati ili hewa iwake lazima mvuke ufike kama asilimia 1.4. Kwa hiyo kunusa sio kulipuka. Shida ni kwamba pua inazoea haraka, ukikaa nayo dakika kumi unaona kama imeisha kumbe pua ndo imechoka. Mwite mtu mwingine aje anuse, na mtu wa nyumbani asiyevuta sigara ni kifaa bora kuliko mashine za mafundi wengi.

Kama inadondoka: usiwashe gari, hata kwa kuisogeza tu mita mbili. Iweke nyutro, isukumeni nje sehemu ya wazi, mzime jiko. Petroli iliyomwagika mwagia mchanga, usiipige maji ukaipeleka mtaroni kwa jirani. Usikimbilie kutoa terminali ya betri wakati boneti yote inanuka, ile cheche ndogo ya kuchomoa inatosha, fungua boneti uache hewa ipite kwanza. Mtungi wa kuzimia moto uwe wa poda na mshale wake uwe kwenye kijani, maana wengi tuna mitungi ya kumuonyesha trafiki tu, ya kuzima moto hatuna. Ikishindikana zimamoto Tanzania ni 114.

Tochi tumia ya LED. Ile taa ya gereji yenye balbu ya kioo na waya mrefu ikidondoka ikapasuka ni kiberiti.

Hakikisha ni gari yenyewe

Unacheka ila fanya. Fungua buti, angalia kama kuna dumu la petroli ya jenereta au ya mashine ya kukatia majani, au lilikuwepo juzi likachuruzika kwenye kapeti. Angalia viatu vyako, ukikanyaga petroli pale sheli inakufuata nyumbani na kukaa kwenye kapeti siku mbili. Gari ikitoka kupigwa rangi inanuka thina na watu wengi wanachanganya. Bodaboda iliyolazwa ubavu karibu na gari yako inaweza kuwa ndo mwenye kosa. Ukimaliza hayo sogeza gari upande mwingine wa uwanja, lala, asubuhi nusa sehemu zote mbili.

Ratiba ya harufu

Chukua daftari au simu, siku nne mpaka saba, andika vitu vitatu tu: inanuka saa ngapi, mshale wa mafuta uko wapi, na unaponusia ni wapi, mbele, nyuma au ndani. Usibadilishe kitu chochote siku hizo. Najua inauma kukaa na tatizo bila kugusa, ila hii ndo iliyoniokoa. Kama kuna tone basi hakuna cha daftari, gari haitembei.

Inanuka ukijaza fulu tenki, ikishuka nusu inaacha kabisa: chanzo kiko juu ya tenki au kwenye njia ya kujazia. Gasketi ya pampu (ile pampu ya mafuta iliyo ndani ya tenki), mpira mnene unaotoka mdomo wa kujazia kuingia kwenye tenki, kale kampira kembamba ka kupumulia, au mfuniko. Petroli ikishuka inakua haifiki kwenye kidonda.

Inanuka dakika tano mpaka ishirini baada ya kuzima gari iliyotoka safari, halafu inapotea: hiyo ni boneti. Watu wanadhani ukizima injini inaanza kupoa papo hapo, hapana, feni imesimama, maji hayazunguki, joto lote la chuma linapanda juu, chini ya boneti panakua pa moto kuliko ulivyokua unaendesha. Petroli iliyobaki kwenye reli ya nozeli (paipu inayozigawia nozeli petroli) inapata joto, presha inapanda, na kama kuna oringi, ile pete ya mpira ya kuziba, imekauka inatoa jasho. Kanista, lile kopo linalonyonya mvuke wa tenki, nayo ikijaa inatoa harufu muda huohuo.

Inanuka asubuhi, hasa asubuhi ya baridi, ukiwasha dakika chache inaisha: mpira uliokakamaa. Ukipoa unasinyaa na kuachia, ukipata moto unavimba na kujiziba. Watu wa Mbeya, Njombe, Arusha na kule Limuru Kenya mtaiona hii zaidi kuliko sisi wa joto. Wenye Subaru za injini ya EJ anzieni kwenye zile hozi fupi zilizojificha chini ya manifoldi ya kuingizia hewa, klempu zake zinalegea na ugonjwa huu unajulikana sana kwenye nchi za baridi.

Inanuka muda wote, tenki liwe limejaa au taa ya mafuta inawaka: njia ya presha imevuja au tenki limetoboka chini. Hii usiifuge hata siku moja.

Inanuka ndani tu ukiwa umefunga vioo: angalia chini ya siti ya nyuma. Lakini angalizo, feni ya AC ikiwa imewekwa kuvuta hewa ya nje inavutia pale chini ya kioo cha mbele, yaani harufu ya boneti inaingia ndani kupitia hapo, kwa hiyo jaribu na feni imezimwa kabisa ndo uamue.

Na inanuka kwenye ekzosi tu, gari inamisi, inakunywa wese kupita kawaida: huo ni ugonjwa mwingine, gari inachoma vibaya, plagi au koili au sensa ya oksijeni, mwongozo huu haukuhusu sana.

Tishu na pua

Ukishajua upande, unahitaji kupata sehemu yenyewe, na hapa petroli ina ujanja, inavuja na kukauka kabla hujaiona. Mvujo mdogo hauachi dimbwi, unaacha doa la kahawia lenye vumbi lililogandia, au sehemu moja safi ajabu kwenye injini chafu kwa sababu petroli imeiosha. Ukiona chuma kimoja kinang'aa kati ya vyenzake vyenye vumbi, kitilie shaka.

Kata tishu nyeupe vipande, injini ikiwa imepoa. Kipande kimoja futa kiungo kimoja, nusa, weka pembeni, chukua kingine. Usitumie kipande kimoja sehemu mbili, utakua unanusa kile cha mwanzo. Mi nilipanga vipande kumi na moja juu ya ndoo kama mganga, watoto wakawa wananishangaa, lakini cha nane ndo kilikua chenyewe. Usiku weka boksi la karatasi lililofunguliwa chini ya gari, asubuhi kagua doa limekaa usawa wa kitu gani.

Boneti

Anza na hozi. Fuata paipu ya mafuta kutoka ukuta wa nyuma wa boneti mpaka kwenye reli, bonyeza kila mpira kwa vidole, ukisikia unakatika ndani kama biskuti au una nyufa ndogondogo kama ngozi ya kisigino, umekwisha. Gari zetu nyingi zinafika hapa zikiwa na miaka kumi na kitu tayari, mpira haujali kwamba wewe umeinunua juzi. Na kagua alama za meno, panya wa minazi hawa wanakula mpira wa mafuta kama miwa.

Kwenye kununua mpira kuwa mkali. Gari ya nozeli inaendesha presha kubwa, kwenye 1NZ ni kama bar 3 mpaka 3.4, kwa hiyo unataka hozi ya mafuta ya gari za injeksheni, ubavuni iwe imeandikwa 30R9. Ile ya 30R7 ni ya presha ndogo, ya kabureta na njia za mvuke. Mpira wa maji, mpira wa gesi ya kupikia, na ule wa plastiki unaoonyesha ndani wa pikipiki, yote hapana. Nimeshaona gari imefungwa ule wa pikipiki kwenye njia ya presha, fundi anajisifu eti unaona mafuta yanavyopita. Klempu nazo chukua zile zenye bendi laini isiyo na matundu, zile za meno zinakata mpira ukikaza. Dar utazipata Gerezani Kariakoo, Nairobi ni Kirinyaga Road, ila nenda na kipande cha zamani mkononi, usiende na maelezo.

Halafu nozeli. Kila nozeli ina oringi juu inakoingia kwenye reli na mpira chini inakokaa kwenye injini. Wa juu ndo unaovujisha petroli nje, wa chini ukifa unavuta hewa na gari inatetemeka silensa, yaani ikiwa imewashwa bila kukanyaga mafuta. Tishu ikinuka pale shingoni mwa nozeli, fanya hivi.

Toa presha kwanza. Wengi wanachomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa nozeli) wakidhani wamemaliza, kumbe fyuzi ile inalisha na kompyuta ya injini, gari inazima papo hapo na presha inabaki humohumo kwenye paipu inakusubiri usoni. Nyanyua siti ya nyuma, chomoa soketi ya pampu, washa gari iache ijizimie yenyewe kwa njaa, piga stata mara moja tena, zima, ndo utoe terminali hasi ya betri. Hii fanya tu kama hakuna petroli iliyolowa popote, kama imelowa hakuna kuwasha, unaacha gari ikae masaa presha ishuke yenyewe, na hata hivyo kiungo unakifungulia ndani ya kitambaa na miwani machoni.

Fungua bolti zinazoshika reli, chomoa soketi za nozeli taratibu maana plastiki yake ya miaka ishirini inakatika ukiitukana tu, nyanyua reli na nozeli zake kwa pamoja, usibanje na bisibisi. Badilisha oringi zote, juu na chini, usibadilishe moja eti ndo imevuja, zote zina umri mmoja. Oringi iwe ya petroli, za bomba la maji zinafanana kabisa na zinavimba ndani ya wiki. Zipake petroli au oili safi kidogo, ingiza nozeli kwa kuizungusha na vidole, ikizunguka laini imekaa, ikigoma oringi imejikunja, toa anza upya. Bei ya oringi nane ni ndogo mno, kazi ndo ghali.

Kama nje ni pakavu lakini gari inachelewa kuwaka asubuhi, inatoa moshi mweusi ikiamka, basi nozeli inavujia ndani. Chomoa stiki ya oili unuse. Oili ikinuka petroli na kiwango kimepanda juu ya alama bila wewe kuongeza, usiendelee kuendesha, ile oili imeshakua nyepesi hailindi chuma. Tengeneza nozeli, mwaga oili na filta yake, weka mpya.

Wenye injini za D4 (zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda), kina 1AZ-FSE kwenye Noah na RAV4 za enzi hizo, nyie kuna pampu ya pili kwenye injini yenyewe inayosukuma zaidi ya bar 80. Upande ule usifungue nyumbani. Petroli ya presha hiyo inapenya ngozi. Mtafute fundi anayezijua D4 kweli, sio anayejifunzia kwako.

Siti ya nyuma

Hapa ndo ugonjwa wangu ulipokua. Kwenye Vitz, IST na ndugu zake wengi nyanyua kikalio cha siti ya nyuma, chini utakuta kava ya bati au ya raba, ibandue. Ukiibandua harufu ikakupiga usoni, umefika. Kama pamekauka na hakuna harufu kali, funga usipoteze muda.

Pampu yangu ilibadilishwa miezi minne kabla. Aliyebadilisha alirudisha gasketi ileile ya zamani, imebonyea, akaona aiongezee silikoni ya kawaida pembeni. Silikoni ya kawaida na petroli haviishi pamoja, inavimba, inakua laini kama ugali wa jana, inabanduka, na vipande vingine vinaweza kuishia kwenye filta ya pampu. Tenki likijaa, petroli ikipigwa na kona au tuta inalamba pale juu na kutoka. Robo tatu kushuka chini, kimya. Mfuniko wa zamani na zile nozeli zilizosafishwa havikua na kosa lolote.

Kurekebisha: subiri tenki lifike robo, siku hiyo paki nje, fungua milango yote minne, betri imetolewa. Kabla ya kufungua chochote safisha juu ya tenki na brashi na hewa au kitambaa, maana mchanga wa miaka yote umekaa pale na utadondokea ndani. Angalia kwanza kama ni paipu ya juu ya pampu ndo imelowa, ina kile kiungo cha plastiki cha kubonyeza, wakati mwingine ni kiungo hakijaingia mpaka kikalia, tak, basi. Kama ni gasketi, fungua bati linaloshika pampu, nyanyua pampu kwa kuilaza upande ili usipinde mkono wa kaboya kanakopima mafuta, toa gasketi ya zamani, kwangua silikoni yote ya yule mtaalamu, weka mpya orijino kavu bila gundi yoyote. Bolti kaza kwa kuvusha msalaba kama unavyokaza tairi, kidogokidogo, usikaze moja ikaisha ukaenda nyingine. Na kava lake la juu rudisha lizibe vizuri, wengi wanalirudisha nusu, vumbi na harufu vinaingia ndani ya gari.

Mdomo wa kujazia, mfuniko na kanista

Mfuniko angalia raba yake, ikiwa na ufa au imelala bapa badilisha. Ukiwa na ile mifuniko ya barabarani baada ya orijino kusahaulika sheli, huenda ndo mwisho wa safari yako hapo. Dalili nzuri ni kwamba harufu iko upande mmoja wa gari nyuma, usawa wa mdomo wa kujazia mafuta.

Mpira wa mdomo mpaka kwenye tenki unauona ukivua tairi la nyuma upande huo na kava ya plastiki ya ndani ya bodi. Weka jeki, weka na stendi, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake hata kwa sekunde. Angalia nyufa pale klempu inapobana. Kwa gari za Zanzibar, Tanga, Mombasa, angalia na chuma chenyewe cha mdomo, chumvi ya bahari inakula kwa ndani ya kava ambako hakuna anayeosha.

Kanista ni kopo lenye mkaa maalumu ndani, kazi yake kunyonya mvuke wa tenki gari ikiwa imepaki na kuurudisha kwenye injini uchomwe gari ikitembea. Inaliwa na tabia yetu moja. Pale sheli pampu inakata, klik, halafu yule kijana anaongezea ili hela iwe raundi, anaongezea tena, mpaka mafuta yanaonekana mdomoni. Ile nafasi iliyoachwa juu ni ya mvuke, na petroli yenyewe inavimba kwa joto, lita 45 zikipanda nyuzi 10 zinaongezeka karibu lita 0.4, zitaenda wapi? Zinaingia kwenye kanista, mkaa unalowa, na ukilowa petroli ya maji ni ngumu kurudi. Ikikata, mwambie imetosha.

Kupima: fuata paipu nyembamba za mvuke mpaka kwenye kanista, kwenye gari nyingi iko karibu na tenki au pembeni mwa boneti, itoe, ikiwa nzito na ukiiinamisha inatoa petroli imekufa, tafuta nyingine. Valvu yake iko kwenye injini, kakopo kadogo kenye soketi na paipu mbili. Ichomoe, ukipuliza bila umeme hewa isipite, ukiipa umeme wa betri ilie tik na hewa ipite. Usiweke mdomo moja kwa moja, tumia kipande cha mpira safi. Na usitegemee taa ya cheki injini ikusaidie hapa, namba za makosa kama P0442 au P0455 za mvujo wa mvuke zipo, lakini gari nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe hazipimi kabisa mvujo wa mvuke, mashine inasoma safi na gari inanuka.

Chini ya gari

Paipu za chuma za mafuta zinapita chini ya gari toka nyuma mpaka mbele, kagua sehemu zilizobonyea kwa jeki kuwekwa vibaya na zenye kutu. Tenki likigongwa na jiwe au tuta linavuja kwenye mshono. Sabuni ya mche ukiikanda ukaibandika kwenye tundu dogo la tenki inashika kweli, petroli haiiyeyushi, nimeshaona imetoa gari porini, lakini ni ya kufika gereji, sio ya kukaa mwaka. Na asikudanganye mtu kuchomelea tenki likiwa kwenye gari, au hata likiwa nje eti limemwagwa petroli yote. Tenki tupu ndo baya, limejaa mvuke. Mwenye kazi hiyo analiosha na kulijaza maji kabla hajawasha mashine, na kwa bei ya tenki used mimi nisingehangaika naye.

Kupima ulichofunga

Rudisha betri. Toyota nyingi pampu haizunguki kwa kuweka switch tu, inasubiri stata, kwa hiyo mtu mmoja awashe, wewe uko kwenye ulichofungua na tishu kavu, mtungi wa moto miguuni. Ikiwaka sekunde thelathini bila kulowa, zima, futa tena. Halafu iache mpaka ichemke feni ipige, zima, subiri robo saa, nusa boneti. Ukipita hapo ndo ujaze fulu tenki, ikate mara moja tu, pita kwenye matuta mawili matatu, paki, lala. Usijaze fulu siku ya kwanza kabla ya hapo, ikivuja utakua umejitengenezea kazi ya kunyonya lita arobaini.

Harufu ya ndani haiondoki siku hiyohiyo hata kama umeziba vizuri, kapeti na sponji la siti vimeshanyonya. Toa kikalio cha siti na kapeti ya nyuma, anika juani siku mbili, usipulize pafyumu, inachanganyika na petroli inakua kitu kingine kibaya zaidi na wewe unashindwa kujua kama bado inavuja. Yangu ilichukua siku tisa.